Nilimtuma Mshenga kwa Baba Yangu Mwenyewe

Wadau, mimi ndiye yule msichana aliyemtuma mshenga kwa baba yake mwenyewe.

Tena sikuwa na bwana. Sikuwa na mchumba hata wa kusingiziwa. Nilikuwa kidato cha tatu, miaka kumi na saba, na nilichokuwa natafuta ni saini moja tu.

Tulieni niwape mkanda mzima.

Naitwa Mbuke. Kwetu ni Usangu, huku Mbarali, ambako sisi Wasukuma tulihamia na ng'ombe enzi za babu, na siku hizi tunalima na mpunga. Shuleni mimi ni golikipa. Sijisifu, lakini mtu aliyekua akizuia ndama wasiingie kwenye mpunga wa watu, mpira utampita wapi?

Mwaka jana timu yetu ya wasichana ikaalikwa kwenye bonanza la shule za Mbeya na Iringa. Siku tatu, Iringa mjini. Mimi mwisho wa dunia yangu upande ule ulikuwa Makambako, na hapo nilipita nikiwa nimelala.

Madam Juliana, mwalimu wetu wa michezo, akatugawia fomu za ruhusa ya mzazi.

"Gari linaondoka Ijumaa saa tatu asubuhi," akasema. "Asiye na saini abaki akamwagilie bustani ya shule."

Golikipa wa akiba alikuwa rafiki yangu Eveline. Eveline mpira ukija anafumba macho, halafu anauliza, "Umeingia?"

Kwa hiyo mnaelewa. Nisipokwenda mimi, timu nzima imekwisha.

Sasa, tatizo lilikuwa baba.

Baba yangu, Mzee Maganga, hapana yake inatoka kabla hujamaliza swali. Unasema "Baba, naomba..." yeye keshasema "Hapana," anaendelea kuchonga mpini wa jembe.

Na kati ya maneno yote ya Kiswahili, moja lilikuwa haliruhusiwi kabisa nyumbani kwetu. Iringa.

Iko hivi. Dada yangu mkubwa anaitwa Kashindye. Miaka minne nyuma alikwenda Iringa kusoma ushonaji, miezi sita. Mwezi wa saba akapiga simu: "Baba, nisamehe. Nipo kwa mume wangu."

Hakukuja mshenga. Hakukuja mzee na fimbo yake kukaa kwenye kiti cha baba na kusema tumetumwa. Hiyo kwetu siyo ndoa, ni wizi. Baba akaitoa laini kwenye simu, akaivunja kwa meno, akanunua nyingine. Namba mpya Kashindye hakuwa nayo.

Halafu akafanya jambo la ajabu. Kijiji kizima kilikuwa kinamwita Baba Kashindye, kama ilivyo kwa mzazi yeyote na mtoto wake wa kwanza. Akalikataa hilo jina. Ukimsalimia barabarani, "Shikamoo Baba Kashindye," anakukazia macho chini ya kofia yake ya pama yenye unyoya wa kanga.

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Anapita zake. Watu wakazoea. Akawa Mzee Maganga.

Sasa mimi ndiyo nikamwombe huyo mtu ruhusa ya kwenda Iringa!

Eveline akasema tusikate tamaa, kila kitu kipo mtandaoni. Jumamosi tukachukua simu ya mama yake, tukapata makala: njia za kumfanya mzazi akubali ombi lako. Nikanakili zote nyuma ya daftari la Jiografia.

Ya kwanza ilisema fanya kazi za nyumbani bila kuambiwa.

Aisee, nilifanya. Nikafagia zizi, nikaosha pikipiki, nikajaza mapipa. Nikaona haitoshi, nikachukua na kofia ya pama ya baba, nikaifua kwa maji ya moto na sabuni ya unga.

Msije mkafua pama kwa maji ya moto. Ilitoka imesinyaa. Baba akaivaa hivyo hivyo, imekaa juu ya kichwa kama kifuniko cha birika. Mama alikimbilia jikoni kwenda kucheka.

Ya pili: toa maelezo yaliyopangwa vizuri. Nikachora kwenye manila. Ramani ya safari, ratiba ya mechi, picha ya Madam Juliana akiwa na filimbi. Baba akaisikiliza yote, akashika manila, akaipima kwa vidole.

"Hii ya nani?"

"Ya shule, baba."

"Irudishe."

Ya tatu: kubali mkutane katikati.

"Baba, basi siku mbili."

"Hapana."

"Moja?"

"Hapana."

"Nusu siku, baba!"

"Nusu siku utafika Makambako. Utafanya nini Makambako? Hapana."

Jumatatu nikalia. Jumanne nikagoma kula, ila saa nane mama akapika wali na kunde, nikavunja mgomo.

Lakini Jumanne hiyo hiyo nikaona kitu.

Jirani yetu Ezekia alikuja asubuhi kuazima ng'ombe wa kulimia. Akasema mwenyewe, kwa heshima zote. Baba: "Hapana." Jioni akarudi, safari hii na mzee mmoja wa kanisani. Ezekia akakaa kimya anatazama miguu yake, mzee akasema yale yale kwa niaba yake. Baba akatoa ng'ombe, jembe, na kamba ya akiba juu!

Nilichoka. Walipoondoka nikamfuata.

"Baba, mbona asubuhi ulimnyima?"

"Jambo kubwa halisemwi na mwenye shida," akasema. "Mwenye shida ana haraka. Hata kusikiliza hasikilizi. Mtu akikuheshimu, anakutumia mtu."

Wadau, kichwani kwangu taa ikawaka.

Kesho yake baada ya vipindi nikaenda mbio kwa Mzee Zabron. Huyu ni mshenga anayejulikana kuanzia Igurusi hadi Ubaruku. Inasemwa hajawahi kurudi na hapana. Nilimkuta kwenye benchi lake anapukuchua mahindi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani kakutuma?"

"Nimejituma. Nataka mshenga."

Mahindi yakamtoka mkononi. "We mtoto! Unasoma wewe! Nani huyo? Nitamfunga mimi mwenyewe!"

"Siyo kuolewa, babu! Ni mpira!"

Nikamweleza kila kitu, fomu nimeishika. Mzee alicheka mpaka akashikilia benchi. Alipofuta machozi akasema, "Ndoa nimeomba. Mashamba nimeomba. Msamaha wa mtu aliyeng'olewa jino kwa ngumi nimeomba. Mpira sijawahi. Umeleta nini? Mshenga hatoki mikono mitupu."

Nilikuwa na jogoo wangu mmoja tu hapa duniani. Nilimwita Refa, kwa sababu anawika muda wowote anaojisikia na huwezi kumbishia.

Roho iliniuma, lakini nikamtoa.

"Nina sharti," akasema Mzee Zabron. "Mimi siongopi. Nikikwama, utajitokeza useme mwenyewe."

"Sawa babu."

"Na aliyenituma simtaji mapema. Ndiyo utaratibu."

"Sawa babu!" Nilikuwa naitikia tu. Laiti ningejua.

Alhamisi saa kumi jioni akafika na baiskeli, amevaa koti, Refa kafungwa miguu kwenye keria. Nikajificha nyuma ya ukuta wa jiko, sikio kwenye tundu. Moyo unapiga kama wakati wa penalti.

"Mhola?" akaanza kwa salamu yetu ya Kisukuma.

"Mhola duhu," baba akajibu, akamsogezea kiti.

Mama akaleta maji ya kunywa. Mzee Zabron akayakataa kwa mkono. Kila mtu kwetu anajua maana yake. Mshenga hanywi kabla hajasema.

Mama akaganda na kikombe chake.

"Mzee mwenzangu," Zabron akasema, ile sauti yake ya kazi. "Nimetumwa. Aliyenituma anakuheshimu mpaka anashindwa kukutazama usoni. Anajua hapo nyuma njia iliharibika. Ana ombi. Na ombi lake linahusu Iringa."

Nikasikia kiti kinasogezwa.

Nikachungulia. Baba alikuwa amesimama.

Nikajua tayari, leo mzee wa watu anafukuzwa na fimbo. Lakini baba hakushika fimbo. Aliingia ndani. Akatoka amevaa koti la kanisani, lile la Krismasi, amelifunga vifungo vyote. Akakaa upya, taratibu.

"Miaka minne," akasema. "Miaka minne nakiangalia hicho kiti ulichokalia."

Mama akaanza kulia.

"Waambie nimekubali," baba akasema. "Sitaki faini. Sitaki maneno mengi. Waambie waje tu. Ana mtoto? Hebu niambie, binti yangu amepata mtoto?"

Jamani.

Baba alidhani mshenga ametoka kwa wakwe. Alidhani wamemtumia mtu hatimaye. Na mimi kwenye mfuko wa sketi nina fomu ya mpira.

Mzee Zabron, asiyewahi kurudi na hapana, alikuwa hajawahi pia kupewa ndiyo kabla hajaomba. Akakohoa. Akatazama jiko. Akakohoa tena.

Ningeweza kukaa kimya. Nasema ukweli, shetani alininong'oneza: kausha hapo hapo, mzee ana furaha, kesho mpe asaini, mengine yatajulikana baadaye.

Lakini nilimwona baba amekaa mbele kabisa ya kiti, kofia imesinyaa, anasubiri kuambiwa kama ana mjukuu. Nikatoka.

"Baba. Siyo wao. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyemtuma babu. Ni... ni mpira, baba. Wa Iringa. Nisamehe."

Na hapo hapo, kwenye keria ya baiskeli, Refa akawika.

Mama akageuka na machozi yake. "Huyo si Refa?"

"Ndiyo malipo yangu," akasema Mzee Zabron kwa unyonge.

Mama akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Alivua kofia, akaiweka gotini. Akainuka akaenda zizini, na koti lake la Krismasi, akasimama katikati ya ng'ombe. Hakurudi mpaka giza lilipoingia, na aliporudi alilala bila kula.

Mimi fomu nikaichana? Sikuichana. Lakini niliikunja ndogo sana. Nilikuwa nimeshajua kwamba nimemuumiza baba yangu kwa ajili ya mpira, na hakuna makala ya mtandaoni ya kutengeneza hilo.

Alfajiri Ijumaa nikasikia, "Mbuke."

Baba alikuwa uani, keshawasha pikipiki. Mkono umenyooshwa.

"Lete hiyo karatasi."

Akaisaini juu ya tanki la mafuta. Sikuamini. Nilitaka kuruka, nikaogopa atabadilisha mawazo.

"Usiku kucha nimewaza," akasema bila kunitazama. "Mtoto wa shule amejua kunitumia mtu. Mimi mtu mzima nimekaa miaka minne nasubiri kutumiwa, sikuwaza hata siku moja kwamba na mimi naweza kutuma."

"Baba..."

"Nyamaza, bado sijamaliza. Wewe sasa ni mshenga wangu. Nenda kamwone dada yako. Mwambie baba yako ana ombi. Anaomba umrudie. Akikataa, usimlazimishe, rudi na jibu lake. Na usinywe maji kabla ya kusema."

Mama akatoka na karanga kwenye kitambaa. Kumbe alikuwa anajua dada anapokaa. Muuza vitunguu mmoja wa Igurusi aliwahi kumwona Kashindye huko Kihesa, Iringa mjini, nyumba yenye mlango wa bluu, cherehani barazani. Mama alikaa na siri hiyo miaka miwili, akingoja siku ya kuitoa.

Baba alinipeleka shule kwa kasi ambayo sitaisema hapa.

Iringa, wadau! Ule mji umepanda juu ya mawe, baridi inauma mpaka masikio, na mimi nilikuwa nacheka tu njia nzima kama mwehu. Mechi ya kwanza tulishinda. Ya pili tukashinda, nimedaka na glavu zangu za mtumba za soko la Mwanjelwa, moja ya kijani na nyingine nyeusi. Nusu fainali tukatolewa kwa penalti. Nilizuia mbili, wenzangu wakakosa tatu. Eveline akanikumbatia, akasema ingekuwa yeye zingekuwa kumi.

Jumapili baada ya ibada Madam Juliana akanisindikiza Kihesa.

Mlango wa bluu. Cherehani barazani. Na nyuma ya cherehani, sindano mdomoni, dada yangu.

Alinitazama. Sindano ikaanguka.

"Mbuke?"

Akaja kunikumbatia. Nikanyoosha mkono kumzuia, kama trafiki.

"Ngoja. Nimetumwa."

Akaganda. Mumewe, Liberatus Kalinga, akatoka ndani kwa furaha na kikombe cha maji, akanisalimia kwa Kihehe. "Kamwene shemeji! Karibu, kunywa kwanza!"

"Sinywi, shemeji. Sijasema."

Dada akashika ukuta. Alielewa.

"Aliyenituma anakuheshimu," nikasema, na sauti ikaanza kunikatika, "mpaka anashindwa kukutazama usoni. Ana ombi. Anaomba umrudie. Ni baba."

Kashindye akalia, nikalia, Madam Juliana, ambaye kazi yake ilikuwa kunisindikiza tu, akalia kuliko wote. Kati ya miguu yetu akatokea mtoto wa miaka mitatu na kipande cha muwa.

"Maganga," dada akamwambia, "msalimie mama mdogo."

Maganga! Jina la baba!

Nikanywa maji yote kwa mkupuo mmoja. Halafu nikauliza, maana lilikuwa linanichoma.

"Dada, kwa nini hamkutuma mtu? Baba alikuwa anasubiri."

Akanitazama kama nimemtukana.

"Tulituma."

"Nini?"

"Mtoto alipozaliwa tu. Kaka yake Liberatus, Edmund, alikuja mpaka kijijini na pikipiki nyekundu. Mkwe hatajwi jina, unajua. Akauliza kwa Baba Kashindye. Alimkuta mzee anachunga barabarani. Yule mzee akamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Nikaweka kikombe chini.

"Huyo mzee alivaaje?"

Liberatus akajibu. "Edmund alisema kofia ya pama. Ina unyoya wa kanga."

Niliomba simu. Namba mpya ya baba naijua kwa kichwa.

Iliita mara moja tu.

"Mbuke? Amesemaje?"

"Amekubali, baba. Na una mjukuu, anaitwa Maganga." Nikamsikia anamwambia mama, nikasikia vigelegele vya mama. Nikasubiri vinyamaze. "Lakini baba, walituma mtu. Miaka mitatu iliyopita. Alikuja na pikipiki nyekundu, akauliza kwa Baba Kashindye."

Upande wa pili nikasikia ng'ombe mmoja analia kwa mbali.

"Kijana mrefu," baba akasema polepole. "Ana jaketi la mvua."

"Ndiyo, baba."

"Nilimjibu mimi."

"Najua, baba."

Alipumua kwa muda mrefu. Nikaweka sauti kubwa, nikashikilia simu katikati yetu. Kashindye alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anashona.

"Yupo hapo ananisikia?"

"Anakusikia."

Akasafisha koo.

"Haloo," baba akasema. "Baba Kashindye hapa."

Basi, wadau. Mwezi uliofuata wakwe walituma mzee wao, kile kiti kikakaliwa kwa haki, na baba alivaa lile koti tena. Refa alirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mzee Zabron alimleta mwenyewe, akasema ile kazi hakuifanya yeye.

Vijana wenzangu mnaoniandikia inboksi mkiuliza mbinu ya kumpata mzazi asaini: zizi fagieni, kofia msifue. Ila kabla ya yote, tafuta ile hapana ya mzazi wako imetoka wapi. Mimi nilidhani baba ananinyima mpira. Kumbe na yeye alikuwa na ombi lake, amelibeba miaka minne, hajui amtume nani.